Mkono Mmoja, Mji Mmoja

Wauza nyama walimwita Mama Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani, mwanamke mfupi mwenye mkoba mzito wa mawe ya shaba. Aliingia dukani asubuhi na salamu fupi, akaweka jiwe la kilo moja juu ya mizani ya mwenye duka, akainama mpaka jicho lake likalingana na mshale, kisha akasema ama "sawa" ama neno ambalo mwenye duka hakutaka kulisikia. Neno la tatu hakuwa nalo. Chai hakunywa kwa mtu, vitunguu vya nyongeza hakupokea, na shemeji yake mwenyewe, muuza misumari, alifungiwa mizani wiki mbili kwa upungufu wa gramu kumi na tano. Mpaka leo shemeji huyo akija kuwatembelea hukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

Jambo moja tu hakuligusa, nalo ni bei. Mtu akiuza sukari ghali kama dhahabu, au akiitupa kwa bei ya bure, hilo ni shauri lake na mteja wake, mradi kilo ni kilo. "Mimi si wa bei," alikuwa akiwaambia akina mama waliomfuata sokoni kulalamika. "Mimi ni wa kilo." Ulikuwa msimamo mzuri kwa kazi ile. Ubaya wa msimamo mzuri ni kwamba mtu akistaafu huondoka nao, akaenda kuutumia mahali ambapo haujaalikwa.

Mahali penyewe palikuwa kwenye simu. Alipostaafu, alimkuta nyumbani mumewe, fundi wa lifti aliyestaafu mwaka mmoja kabla yake, na wakaanza kugombania rimoti kila jioni. Binti yao, aliyekuwa amehamia mji mwingine kikazi, alichoka kupigiwa simu aamue kesi ya rimoti. Alipokuja likizo akawawekea mchezo kwenye simu zao wote wawili, uitwao Miji na Njia. Kila mchezaji hupewa vibanda vitatu na kipande cha ardhi, mmoja msitu, mwingine mawe, mwingine chumvi au chuma. Hakuna ardhi yenye kila kitu, kwa hiyo lazima watu wauziane, na wanauziana katika soko moja ambamo mwenye bei ya chini hununuliwa kwanza. Mwisho wa msimu wavamizi hupita, na ambaye hajamaliza ukuta wake wanamfagia. Binti alidhani wazazi wake watacheza wiki moja. Walicheza miaka mitatu.

Fundi alipata msitu. Mji wake aliuita Ghorofani, akauwekea viwanda sita vya kupasua mbao, na kila alipopandisha jengo jipya alimwita mkewe aje aone, hata kama mkewe yuko bafuni na povu kichwani. Mkaguzi alipata chumvi. Mji wake aliuita Kilo, mji mdogo ambao nyumba zake zilisimama kwenye mstari kama chupa za dawa kwenye rafu. Wote wawili walijiunga na jumuiya ya wachezaji sitini wenye soko lao, watu wasiojuana kwa sura. Kiongozi alikuwa mfamasia mmoja mpole aliyeandika bila kosa la herufi hata moja. Alikuwamo pia mwalimu wa chekechea, mwenye msitu kama Fundi, ambaye alicheza mchana watoto wake wa darasani wanapolazwa, akaandika maneno machache machache kama mtu anayenong'ona.

Katika msimu wa pili alikamatwa mtu mwenye miji minne, anajiuzia chuma yeye mwenyewe ili kupandisha bei. Jumuiya ilichemka, na ilipotulia ikamchagua Mkaguzi awe mkaguzi wa soko. Nani mwingine angechaguliwa? Akaandika sheria kurasa mbili nzima. Mfamasia akamwomba kwa adabu azifupishe, naye akazifupisha hadi maneno manne: mkono mmoja, mji mmoja. Adhabu nayo ilikuwa fupi. Mwenye kushika miji miwili, yote miwili ifungwe. Tangazo hilo lilibandikwa juu ya soko, na hakuna aliyelipenda kuliko aliyeliandika.

Kisha Fundi akateleza. Mtu aliyefanya kazi ndani ya mashimo ya lifti miaka thelathini na mitano, ghorofa kumi na mbili zikiwa wazi chini ya miguu yake, bila kukwaruzika hata ugoko, alikuja kuangushwa na kipande cha sabuni bafuni kwake. Nyonga ilivunjika. Asubuhi ya upasuaji, akiwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, alimshika mkewe mkono. Mkaguzi aliinama, machozi yakimlengalenga, akijua anakwenda kuusiwa jambo zito.

"Ghala la Ghorofani limejaa," Fundi alisema. "Mbao zikizidi zinaoza. Chukua simu yangu. Usiache mbao zangu zioze."

"Fundi, unaenda kupasuliwa."

"Ndiyo maana nakwambia sasa hivi."

Basi akaichukua ile simu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kwenda hospitali, alifungua mchezo wa mumewe, akazitoa mbao zote zilizozidi, akaziweka sokoni kwa bei iliyo sarafu moja chini ya bei ya chini kabisa ili ziondoke upesi, akafunga. Ilimchukua dakika tatu. Idadi aliihakiki mara mbili. Alipoandika mbao mia tisa, zilikuwa mia tisa, na hakuna mnunuzi aliyepunjwa hata ubao mmoja. Kwamba huo ulikuwa mkono mmoja ndani ya miji miwili, wazo hilo halikumpitia hata kwa mbali. Kwake yeye mwenye miji miwili alikuwa tapeli aliyejificha mahali. Huyu alikuwa mke anayemwagilia maua ya mume aliyelazwa.

Fundi alirudishwa nyumbani baada ya siku kumi, vyuma viko nyongani, na hapo ndipo shida ilipoanza. Hakutaka kuinuka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mmoja mwenye mikono yenye nguvu na subira ya ajabu, alikuja mara mbili kwa wiki.

"Baba, leo tunaomba hatua tano tu."

"Leo kuna maumivu. Kesho."

Kesho ilipofika, kulikuwa na kesho nyingine. Dawa zilimlegeza macho asiweze kutazama kioo cha simu kwa muda mrefu, kwa hiyo hata mchezo hakuushika. Aliuliza tu, kila asubuhi, "Ghorofani ipo?" na Mkaguzi akajibu, "Ipo." Hapo uso wake ulipata uhai kidogo. Mkaguzi aliliona hilo, naye si mtu wa kuona kitu akakiacha. Akaanza kumwambia kwamba akifika kwenye kiti cha dirishani atamsomea habari zote za Ghorofani, viwanda vimetoa nini na majirani wanasemaje. Siku mbili Fundi alifika kwenye kiti, hatua nne, huku akilalamika njia nzima. Siku ya tatu akasema atasikiliza akiwa kitandani.

Mtaalamu wa mazoezi alimvuta Mkaguzi hadi kwenye korido. "Mama, mfupa hauna tatizo. Anayegoma ni yeye mwenyewe. Akipitisha mwezi mwingine kitandani, sitakuficha, kumwinua itakuwa kazi kubwa sana. Kama kuna kitu chochote anachokipenda, kitumie."

"Kipo kimoja," Mkaguzi alisema.

Wiki hiyo hiyo ukaja ujumbe wa mfamasia. "Dada Mkaguzi, heshima yako, na pole kwa kuuguza. Kuna mtu anamwaga mbao sokoni. Ubao ulikuwa sarafu kumi na mbili, leo ni nne. Mwalimu wetu ameuza msitu mzima na hakupata hela ya mawe ya ukuta. Jana wavamizi wamepita kwake. Tunakuomba uangalie." Chini yake mwalimu wa chekechea alikuwa ameandika: "Nimebaki na kisima na kibanda kimoja. Nilifuata kila kitu. Sijui nilikosea wapi."

Damu ya Mkaguzi ilichemka kama zamani. Alinunua daftari jipya, akachora mistari kwa rula, na kwa michana minne mfululizo, Fundi akiwa amesinzia, alikaa kando ya kitanda akinakili mauzo yote ya mbao. Soko halikuonyesha majina, lilionyesha tu namba ya kibanda cha kuuzia cha kila mji. Siku ya pili namba moja ilikuwa imeshajitokeza. Kibanda 318. Kila siku, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi, mzigo mkubwa, na bei daima sarafu moja chini ya wengine. Wauzaji wengine walilazimika kumfuata, naye kesho yake akashuka tena, hivyo hivyo mpaka chini. Huyu ni jambazi mwenye ratiba, alijiambia, na ndani ya hasira yake kulikuwa na heshima kidogo kwa nidhamu ya jambazi huyo.

Akaandika tangazo. Lilianza na "Kikulacho ki nguoni mwetu," likaendelea kwa maneno makali, likaishia kwa kuomba mwenye kibanda 318 afungiwe bila huruma. Lilimpendeza. Ila kulikuwa na pengo moja, na mkaguzi hatii saini mpaka ajue sababu ya pengo. Katika siku thelathini na tatu, kibanda 318 kilikuwa kimeuza siku thelathini na mbili. Jumanne moja hakikuuza kitu. Akaenda jikoni kutazama kalenda ya ukutani, pengine ilikuwa sikukuu. Kwenye Jumanne ile, kwa mwandiko wake mwenyewe, pameandikwa: "Fundi kurudi nyumbani. Gari saa kumi na mbili."

Alisimama pale na kalamu mkononi mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Kisha akaenda kuichukua simu ya mumewe. Kwa mwezi mzima alikuwa ameifungua, akabonyeza Uza, akaifunga. Sasa alitazama pembeni juu, penye maandishi madogo ambayo hakuwahi kuhangaika kuyasoma. Kibanda 318. Akarudi kwenye daftari, akakuta pia kwamba mji wake wa Kilo ulinunua mbao mara mbili mwezi ule, za bei rahisi kabisa, kutoka kibanda hicho hicho. Alikuwa amejiuzia mwenyewe, kama yule wa chuma.

Nyani haoni kundule, wanasema, lakini nyani hakuwahi kuajiriwa kukagua. Aibu ilimpanda Mkaguzi mpaka masikioni. Kilichomuuma zaidi ni yale maneno yake ya miaka yote. Mimi si wa bei, mimi ni wa kilo. Mbao alizihesabu mara mbili, kipimo kilikuwa kamili kila asubuhi, na kwa kipimo hicho kamili alikuwa amemwangusha mwalimu wa watoto ambaye hakumkosea chochote. Kumbe mizani inaweza kuwa sahihi na soko zima likaumia.

Mchana kutwa alimenya viazi vingi kuliko walivyoweza kula watu wawili, akiwaza. Daftari lilikuwa lake peke yake. Angeacha tu kuuza, bei ingepanda yenyewe, kibanda 318 kingesahaulika kama mvua ya juzi. Na Ghorofani ingebaki. Hilo ndilo lililomkwamisha. Kile kitu kimoja ambacho mume wake bado alikipenda, kile ambacho kilikuwa kimemtoa kitandani hatua nne, sheria yake mwenyewe ilikuwa inataka kifungwe. Alipowaandikia wengine sheria ile ilikuwa tamu. Mkuki kwa nguruwe.

Lakini alikuwa ameshawahi kupita njia hiyo. Kila mwaka mawe ya wakaguzi hupelekwa makao makuu, yakapimwa na mtu mwingine, kwa sababu anayekagua naye hukaguliwa. Mwaka wake wa nane kazini, jiwe lake la kilo lilirudi na cheti cha aibu, limepungua gramu mbili. Hakuna aliyeziiba hizo gramu. Ni yeye mwenyewe, aliyekuwa akilisugua kila Jumapili ling'ae, akalisugua mpaka likaliwa. Alirudi kwenye maduka arobaini na matatu, moja moja, akawaambia kwa kinywa chake kwamba "sawa" aliyowapa haikuwa sawa. Muuza nyama mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya gogo la kukatia. Wengine hawakucheka. Mkaguzi alitamani ardhi ipasuke, na bado alimaliza yote arobaini na matatu.

Akapiga moyo konde, akaingia chumbani. Mji ulikuwa wa Fundi, basi Fundi ndiye wa kuambiwa kwanza. Alimweleza yote bila kupamba. Fundi alisikiliza akitazama dari.

"Uliuza bei gani?" aliuliza mwisho.

"Ya mwisho ilikuwa nne."

"Nne." Alifumba macho. "Mbao zangu. Nne."

"Ulisema zisioze."

"Nilisema zisioze, sikusema uzigawe." Akafumbua macho. "Sikiliza, Mama Gramu. Mtumie mwalimu mbao na mawe, ajenge tena, yaishe. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Wewe unajua mambo mengi ambayo hayamsaidii mtu," Fundi alisema, akageuza uso ukutani.

Mkaguzi alibaki anakitazama kisogo cha mumewe, na hofu aliyokuwa nayo hapo haikuwa ya mchezo. Aliogopa kwamba amemzima. Hata hivyo alikwenda sebuleni, akalifuta lile tangazo lote, akaandika jingine. "Kibanda 318 ni mji wa mume wangu, na mkono ulikuwa wangu tangu alipolazwa. Sikukusudia, lakini nimeumiza soko na nimembomoa Mwalimu. Kurasa za daftari langu hizi hapa. Naomba sheria ifuatwe." Akabonyeza tuma kabla moyo haujabadilika.

Baada ya saa moja hivi jumuiya ikajibu kwa mkupuo. Wapo waliocheka, wapo waliosema afadhali yule wa miji minne hakujifanya mtakatifu, na mmoja aliuliza kama mkaguzi atajikagua tena kesho. Mkaguzi alisoma yote. Mwishowe mfamasia akaandika kwamba sheria iko wazi, ila angependa aliyeumia aseme kwanza.

Mwalimu wa chekechea safari hii hakunong'ona. "Mimi ndiye niliyebomolewa," aliandika. "Naomba Ghorofani ifungwe, na ghala lake lote lifutwe, maana mbao zile zikirudi sokoni tutaanguka tena. Dada Mkaguzi aache ukaguzi, na msimu huu mpya asinunue wala asiuze. Lakini Kilo asinyang'anywe. Mtu amejishtaki mwenyewe, tukimfukuza, hatajishtaki mwingine. Mzee akipona aanze upya, vibanda vitatu kama sisi sote tulivyoanza. Ila awe na mkono wake mwenyewe. Mke asiguse." Wakapiga kura. Arobaini na wanane walikubali.

Ghorofani ilifungwa Alhamisi saa tisa alasiri. Fundi hakugusa chakula. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja, alimkuta amejifunika shuka mpaka kidevuni, na hatua moja hakupiga. Ikawa hivyo siku nne. Mkaguzi alipika, akamgeuza, akampaka dawa, na kila alipopita karibu na kioo cha korido alikwepa kujitazama. Alijilaumu kwa yote mawili, kwa kosa na kwa ukweli.

Siku ya tano binti yao alipiga kwenye simu ya Fundi, ambayo Mkaguzi bado alikuwa nayo, akaomba apewe baba yake. "Baba, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Kilichovunjika ni koleo au nyonga?" Fundi alijibu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Mkaguzi alimsikia akicheka, kicheko kidogo, cha puani. Simu ilipokatika hakuirudisha. Aliishika kifuani, akitazama dari, kisha, kwa kuwa dawa zilikuwa zimepunguzwa na macho yametulia, akaanza kubonyeza. Jioni akatangaza kwa sauti, bila kumtazama mtu, kwamba safari hii amepewa ardhi ya mawe, na kwamba mji unaitwa Chini. Lifti yoyote huanzia chini, alisema. Mkaguzi aliuma midomo asiulize vibanda vimepangwaje.

Haikuwa rahisi kwake. Alimwona akichimba mawe kwa vibanda vyake vitatu, akipoteza muda kwenye mambo ambayo yeye angeyamaliza kwa kubonyeza mara mbili, na vidole vilimwasha. Hakugusa. Akiulizwa ushauri alijibu kwamba yuko kifungoni. Fundi naye alicheza akiwa amelala chali, na hatua zake zikabaki zile zile, nne hadi kwenye kiti, pale mtaalamu wa mazoezi alipomshikia. Mji ulikuwa umerudi, mtu bado.

Wiki mbili baadaye soketi ya chumbani iliungua, ikabidi simu ichajiwe sebuleni, juu ya kabati la televisheni. Kutoka kitandani mpaka pale ni hatua kumi na moja, na mlango mmoja. Mchana huo Mkaguzi alikuwa jikoni akisugua sufuria aliposikia kengele ya soko ikilia kwenye simu ya Fundi. Maana yake kuna mnunuzi, na mnunuzi husubiri dakika tano tu.

"Mama Gramu," Fundi aliita. "Niletee simu. Kuna mtu anataka mawe yangu."

"Siruhusiwi."

"Kuileta tu. Nitabonyeza mwenyewe."

"Wamesema mke asiguse."

"Walimaanisha mji, si simu."

"Mimi nimesoma asiguse ni asiguse, Fundi. Sina cha kupunguza."

Alijua vizuri kwamba walimaanisha mji. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kupinda sheria hata unywele, na sasa alikuwa anaipinda mchana kweupe, mikono ndani ya povu, kwa sauti ya mtu anayesoma cheti.

Kitanda kililia. Ikafuata kauli moja chafu ya mafundi wa lifti, kisha fremu ya chuma ya kutembelea ikagonga sakafu. Ikagonga tena. Mkaguzi alishika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili ili miguu yake isimpeleke mbio chumbani. Akahesabu. Tatu. Nne. Kwenye nne alisubiri asikie kiti cha dirishani, hakukisikia. Tano. Kwenye ya saba Fundi alisimama muda mrefu, akihema kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa zote kumi na mbili.

"Zimebaki dakika mbili," Mkaguzi alisema, bila kugeuka.

"Najua."

Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kengele ikanyamaza, halafu Fundi akacheka, si kile cha puani, bali kile kicheko chake kamili ambacho zamani majirani walikisikia. Fremu ikaanza kugonga tena, na haikurudi chumbani. Ilikuja jikoni, hatua sita zaidi ambazo hakuna aliyemwomba.

"Ni Mwalimu," alisema akiwa mlangoni, jasho linamtiririka. "Anajenga ukuta wake. Amechukua mawe yote arobaini. Alitaka kunipa kumi na moja, nimekataa. Bei ya leo ni tisa."

Mkaguzi aligeuka, akapangusa mikono kwenye gauni. Mume wake alikuwa amesimama wima, simu imo kwenye mfuko wa shati, na alikuwa mrefu kuliko alivyomkumbuka.

"Kuleta simu si kucheza," Fundi alisema. "Mkaguzi mzima, hujui kusoma sheria?"

"Ngoja nikuletee kiti."

"Kiti kiache. Nitarudi mwenyewe."

Akaigeuza fremu taratibu pale mlangoni, akaondoka. Mkaguzi alifungua bomba hadi mwisho ili Fundi asimsikie, akalia kwa furaha, na maji yakafurika sufuria bila yeye kuyajali.